Akala za Kipara Mlimani Meru

Watu huficha umri, wengine huficha mshahara, mimi kwa miaka mingi nimeficha alasiri moja tu, na kama si mke wangu Kanini, ambaye hawezi kukaa na hadithi tumboni hata nusu saa, mngekuwa bado mnaniheshimu. Lakini kwa kuwa ameshaanza kuisimulia kwenye harusi za watu, na kila akisimulia anaongeza chumvi (mara ya mwisho alisema niliangukia ng'ombe, jambo ambalo si kweli, ng'ombe alikuwa mbali), nimeona afadhali niiseme mwenyewe, ili angalau aibu ibaki kwa kipimo chake.

Kazi yangu mnaijua. Nakata akala sokoni Machakos, ule upande wa wauza vyondo, na kazi hiyo nimeifanya tangu sijaota ndevu. Kwa wale waliolelewa na viatu vya dukani, akala ni kiatu cha tairi kuukuu: unapata tairi la gari, unalikata kwa kisu kilichonolewa na kuloweshwa maji ya sabuni, unatoa soli, unachana kanda kutoka tabaka la ndani, unazibana kwa misumari midogo, basi, mtu anavaa na kutembea miaka. Na kwetu Ukambani kiatu kina adui mmoja tu, naye ni mwiba. Mtu wa Kola, kijiji chetu, akija kununua kiatu haangalii kama kinang'aa, anauliza mwiba unapita au haupiti. Kwa hiyo nilikuwa na mchezo wangu pale sokoni: naweka ubao chini, juu yake tawi la mgunga lenye miiba mirefu, kisha nakanyaga kwa uzito wangu wote (na sikuwa mwembamba hata wakati ule), nainua mguu na kuuliza watu, "Umepita?" Nao wanajibu kwa pamoja, "Haujapita," na mmoja au wawili wanaketi kupimwa mguu.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata mvua ya Elnino. Biashara ilikuwa imelala chali. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, raba zilizochoka kidogo tu, na viatu vya plastiki vya kila rangi, na vijana walikuwa wameanza kuona akala ni kitu cha wazee na wachunga mbuzi. Shemeji yangu, kaka yake Kanini, alikuwa amenitafutia kazi ya ulinzi katika ghala moja Nairobi, na alitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kazi ya mshahara, si mchezo. Lakini mimi nilikuwa nimeshawahi kwenda kutafuta mbali, miaka miwili Mombasa nikibeba mizigo, na niliporudi nyumbani Krismasi, binti yangu Mwikali, niliyemwacha akitambaa, alijificha nyuma ya mama yake akauliza kwa Kikamba huyu mtu ni wa nani. Sijawahi kupigwa kofi likaniuma vile. Kwa hiyo nilimwambia Kanini anipe muda kidogo, nikipata oda moja kubwa ya kunisimamisha nabaki nyumbani, nikiikosa nakwenda Nairobi na hatanisikia nikilalamika.

Na oda yenyewe ilikuwa inanukia. Mimi ni mwanachama wa mwethya, vile vikundi vyetu vya watu wanaolimiana mashamba kwa zamu na kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Wengine wote katika kikundi chetu ni akina mama (nafasi yangu niliirithi kwa mama yangu alipozeeka, na msicheke, hakuna mwanamume wa Kola anayenishinda kuchimba). Sasa kule Meru, juu kabisa karibu na msitu wa mlima, Elnino ilikuwa imeangusha mashamba ya watu, na kikundi cha wakulima wa huko kilimtuma mwenyekiti wao, Mzee M'Arimi, aje aone matuta yetu ya fanya juu, yale ambayo udongo unaochimbwa mtaroni hutupwa upande wa juu ukawa ukingo. Aliyaona, akayapenda, akatuomba twende tukawafundishe kwa wiki tatu. Halafu afisa wetu wa kilimo, Bwana Kilonzo, akampitisha sokoni kabla hajapanda gari la kurudi, na huko akakutana na mimi na tawi langu la mgunga.

Mzee alitazama mchezo wote bila kucheka, akachukua akala, akaipindapinda. "Ukikuja kwetu, fundi, kuja ukiwa umevaa hizi," akasema. "Watu yangu waone zikifanya kazi. Wakipenda, kila mtu atataka yake, na sisi ni zaidi ya mia." Usiku huo nilimwambia Kanini kwamba Nairobi imefutika kichwani mwangu, naye akaniambia nimalize kula kwanza.

Hapa ndipo nilipofanya lile jambo dogo. Nilikuwa na matairi mawili nyuma ya kibanda. Moja lilikuwa la lori, lina meno marefu, zito, linachosha mkono kulikata. Lingine lilikuwa la gari dogo, limeisha likawa kipara kabisa, laini kama kigae, jepesi, na kisu kilikuwa kinapita ndani yake kwa raha. Kwetu hata mteja mwenyewe hupendelea kipara, kwa sababu soli yenye meno hukusanya kokoto za barabara na ukifika kanisani unaingia ukipiga kelele sakafuni. Nikaona tunakwenda ugenini, tunakwenda kutazamwa, acha viatu viwe vya heshima. Nikajikatia pea moja ya kipara, na kwa kuwa nilitaka tuonekane kikosi, nikawakatia pia akina mama wote wa kikundi.

Bwana Kilonzo alikuja akaziona zimepangwa. Yeye alikuwa amesoma Embu na anaijua milima ile.

"Fundi," akasema, "huko kuna matope, na kunanyesha kila siku. Mimi ningeambia kila mtu avae gambuti."

Gambuti, vile viatu vya mpira vinavyofika magotini. Kwa jua letu la Machakos, gambuti ni sufuria ya kupikia miguu, na mtu anayevaa gambuti hapa ni yule anayeosha magari. Nilimcheka afisa wa serikali mbele ya watu. Nikaweka tawi langu chini, nikakanyaga, nikauliza, "Bwana Kilonzo, umepita?" Akasema haujapita. Nikamwambia basi na matope pia hayatapita. (Nikiyakumbuka maneno hayo leo hujikuta nimeshika kichwa hata nikiwa peke yangu.) Mama Ndinda, mwenyekiti wetu, mama mtu mzima ambaye hupima maneno kabla ya kuyatoa, alituangalia sote wawili, akakunja akala zake ndani ya leso na kunishukuru.

Tulifika Meru na lori la kikundi, na mlima ulitupokea kwa mvua. Mimi mvua ya kwetu naijua: inakuja mara mbili kwa mwaka, inapiga kelele, inaondoka, na kesho yake udongo umeshanyonya na mchanga uko imara chini ya mguu. Ile ya kule haina haraka. Inaanza mchana baada ya chakula, nyembamba, baridi, inanyesha tu kama mtu anayenong'ona, na inapoacha udongo wenyewe, ule mwekundu wa mashamba ya chai, umegeuka kitu ambacho hakishikiki. Shamba tulilopewa lilikuwa la mama mmoja mjane, Mama Kawira, na lilikuwa limesimama karibu wima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikuja nalo wenyewe, kwa hiyo siku ya pili asubuhi tulikuwa kazini.

Hatua yangu ya kwanza shambani ilikwenda nilikotaka. Ya pili ilikwenda ilikotaka yenyewe. Nilishika mti wa chai, nikasimama, nikaangalia pembeni kama kuna mtu ameniona, nikajifanya nakagua majani. Hadi saa nne nilikuwa nimekagua majani ya nusu ya shamba. Matope yalikuwa yanaingia katikati ya unyayo na soli, mguu unateleza ndani ya kiatu na kiatu kinateleza juu ya udongo, kwa hiyo nikawa nateleza mara mbili kwa kila hatua moja. Wenyeji walikuwa wamevaa gambuti, wanapita kando yangu wamebeba mawe, wanaongea habari zao.

Nikageuka kuwaangalia akina mama wetu, nikaona wote wako miguu mitupu, vidole vimezama kwenye udongo, wanachimba vizuri tu.

"Akala ziko wapi?" nikamwuliza Mama Ndinda.

Hakuinua kichwa. "Tumeziweka, Fundi. Hizo ni safi sana. Tunataka kuvaa nazo kanisa Jumapili."

Na mimi (hapa ndipo mtaona akili ya mtu mwenye sifa inavyofanya kazi) nilifurahi. Nilijiambia, angalia, viatu vyangu vimekuwa vya kanisa. Sikufikiri kwamba akina mama kumi na mmoja hawawezi kuamka asubuhi moja wote na wazo moja la Jumapili bila kuwa wameongea. Nikaendelea kuvaa zangu. Siku ya tatu ukanda wa kushoto ulichomoka kwa kuvutwa na matope, nikaupigilia tena. Siku ya nne nilianza kutembea kwa ubavu, kama kaa, nikimwambia kila anayeuliza kwamba mgongo unanisumbua. Jioni ya siku hiyo Bwana Kilonzo, aliyekuja kukagua, alinipa gambuti za akiba zilizokuwa kwenye gari lake. Akanipa pembeni, kwa upole, bila kunikumbusha neno lolote. Nilizikataa. Nilimwambia Mzee M'Arimi alisema nije nimevaa akala, watu wake wazione zikifanya kazi, na nikivaa gambuti nitakuwa nimejifukuza kazi kwa mikono yangu. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonifanya niwe mkaidi. Kila nilipoteleza nilikuwa namwona yule mtoto nyuma ya gauni la mama yake.

Jumamosi ikafika, siku ya maonyesho. Tulikuwa tumemaliza tuta la kwanza na la pili, kingo zake zimekaa vizuri, na kamba ya kupimia tuta la tatu ilikuwa imeshavutwa juu ya vigingi kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Wakulima walijaa chini, wengine juu ya ua, na Chifu alikuja na kofia yake, na chini kabisa ya shamba waliweka meza yenye kitambaa cheupe na chupa za chai na sinia la mikate. Mama Ndinda alieleza matuta kwa ufupi na kwa heshima, watu wakapiga makofi. Kisha Mzee M'Arimi akasimama.

"Pia tuko na fundi wa viatu kutoka Machakos," akasema. "Hiyo viatu yake mimi niliona kwa macho yangu. Fundi, panda hapo juu watu wote wakuone."

Nikapanda juu ya ukingo wa tuta la kwanza. Nilikuwa nimeosha akala zangu na kuzipaka mafuta kidogo zing'ae (ndiyo, mafuta, mmesikia vizuri). Nilianza kwa maneno matamu, nikawasalimu kwa Kimeru nilichojifunza jikoni kwa Mama Kawira, tulikofikia, wakafurahi, kwa sababu Kimeru na Kikamba ni ndugu na walinisamehe pale nilipochanganya. Nikawaambia kwamba kiatu ni rafiki wa safari. Nikawaambia kwamba rafiki wa kweli hujulikana penye miiba. Halafu nikaomba niletewe tawi la miiba.

Watu wakaangaliana. Kijiji kizima kikatafuta. Baada ya muda mrefu mtu mmoja akarudi na kijitawi cha matunda ya porini chenye vijiba vidogo ambavyo hata mtoto angevishika.

"Fundi," akasema Mama Kawira kutoka chini, kwa sauti ya kunionea huruma, "hapa kwetu hakuna miba."

Ningeshuka hapo. Ningesema asanteni, nikashuka polepole kwa ubavu, na hadithi ingeishia hapo. Lakini watu walikuwa wananitazama, Mzee alikuwa ananitazama, na mimi nikaona kama hakuna mwiba basi nitawaonyesha uimara kwa njia nyingine. Nikainua mguu wa kulia juu, nikakanyaga ukingo kwa nguvu zangu zote.

Mguu haukusimama. Ulipita. Ulikwenda mbele peke yake, wa kushoto ukaufuata, mimi nikakaa chini, na ukingo tulioujenga siku tatu ukameguka chini yangu tukaanza safari pamoja. Nilishuka tuta la kwanza nimekaa kitako, nimenyoosha miguu, nikafika la pili nikalivunja nalo, nikaona kamba ya kupimia ikinijia, nikaishika kwa mikono miwili kwa imani kubwa, nayo ikang'oka na vigingi vyake vyote, kimoja baada ya kingine, kushoto na kulia, mpaka nikawa nateremka huku nimeburuta uzio mzima nyuma yangu. Nilisikia suruali ikichanika katikati nyuma. Nilimwona Chifu akiinua kikombe chake na kusogea hatua moja kando, bila haraka, kama mtu anayempisha mwenye baiskeli. Kisha nikaingia chini ya meza ya wageni, kitambaa cheupe kikanifunika, na kila kitu kikanyamaza.

Nilikaa mle ndani. Sitawadanganya, nilifikiri kuishi mle. Kisha kitambaa kikainuka na uso wa Chifu ukachungulia.

"Karibu Meru, fundi," akasema.

Hapo ndipo watu walipoacha kujizuia. Nimewahi kusikia vicheko, lakini mlima mzima ukicheka kwa pamoja ni kitu kingine, kinarudi kutoka bonde la pili. Nilipotoka, Mama Ndinda alikuwa ameshashuka, akanifunga leso yake kiunoni haraka, kwa hiyo nikasimama mbele ya Chifu na wakulima zaidi ya mia nimevaa leso ya maua, miguu yote peku, mmoja umevimba kwenye kifundo. Akala ya kushoto ilikuwa imemezwa na matope na mpaka leo iko huko. Ile ya kulia ilikuwa imeruka ikaanguka miguuni pa Mzee M'Arimi. Aliiokota, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya soli taratibu kutoka kisigino hadi mbele.

"Hii tairi ilinyolewa na nani?" akauliza.

Na Mama Kawira, ambaye shamba lilikuwa lake na matuta yaliyovunjika yalikuwa yake, akajifuta machozi ya kicheko akasema, "Mlikuja kutufundisha kuzuia mchanga isiteremke, na fundi wenu ndiye ameteremka."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, liliteguka tu, kilichovunjika kilikuwa kingine. Nilipelekwa jikoni kwa Mama Kawira, nikawekwa karibu na moto na mguu wangu juu ya kigoda, na jioni Mama Ndinda akaja kukaa nami. Nikamwuliza kwa nini hawakuniambia.

"Tulitoa hizo viatu siku ya kwanza, mwanangu," akasema. "Lakini ungeambiwa na akina mama kumi na mmoja mbele ya watu wa hapa, ungejisikiaje? Tuliona ni afadhali uone mwenyewe." Akasukuma ukuni motoni. "Hatukujua utaona hivyo."

Nililia pale. Mtu mzima, nimevaa leso, nalia kando ya moto wa watu, kwa sababu oda ilikuwa imekwisha, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na nilikuwa nimeshajiona nimesimama kwenye geti la ghala Nairobi na rungu mkononi. Mama Ndinda hakunibembeleza. Alinimiminia chai akakaa mpaka nikamaliza.

Kesho yake, Jumapili, wenzangu walikwenda kanisani (miguuni walikuwa na viatu vyao vya kawaida, si akala zangu) na mimi nikabaki barazani sina la kufanya. Ndipo nikatazama kitu nilichokuwa nimekipita siku zote. Kando ya ukuta wa Mama Kawira kulikuwa na safu ya gambuti kuukuu, zimejazwa udongo, ndani yake amepanda dania na vitunguu. Nikamwuliza ni za nini zote hizo.

"Zilitoboka," akasema. "Hapa gambuti ikitoboka imekufa. Ya mume wangu, ya watoto, yangu mwenyewe. Kila boma utakuta hiyo bustani."

"Hakuna fundi?"

"Wa gambuti? Huyo atatoka wapi."

Nikamwomba ruhusa, nikang'oa dania kwa adabu, nikaosha pea moja iliyonikaribia mguu. Zilikuwa zimepasuka pale mguu unapokunjika, na soli zimeisha. Gundi ya pancha ilipatikana kwa jirani mwenye baiskeli, na kipande cha tyubu pia. Mfuko wangu wa kazi nilikuwa nao, maana fundi hasafiri bila kisu. Nikakwaruza, nikapaka gundi, nikapuliza, nikabandika kiraka na kukigonga. Soli nikaiongezea vipande vya tairi la trekta lililokuwa limelala nyuma ya zizi, lina meno marefu kama ya mamba, nikalikata mpaka mikono ikauma, nikalishona kwa uzi wa mkonge na kuziba matundu ya sindano kwa gundi. Haikuwa kazi nzuri ya kutazama. Mama Kawira aliniletea beseni la maji, akaitumbukiza gambuti ndani, tukakaa wawili tunaangalia kama povu litatokea.

Halikutokea.

Jumatatu nilishuka shambani nikichechemea, nimevaa gambuti za marehemu mume wa Mama Kawira, nikaomba nipewe nafasi ya kujenga upya matuta niliyoyavunja. Nilichimba mpaka mvua ikaanza na mpaka ikaacha, na miguu yangu ilikaa pale nilipoiweka. Watu walikuja kucheka, nilijua watakuja, na wengi walicheka kweli, walikuwa wameshanipa jina ambalo sitalitaja. Lakini mwanamume mmoja alipomaliza kucheka aliinama akashika kile kiraka. "Hii imebandikwa na nani?" akauliza. Jioni aliniletea ya kwake. Jumatano niliwakuta wanane wamekaa barazani kwa Mama Kawira, kila mmoja ana gambuti iliyokufa mkononi, nyingine bado zina udongo wa vitunguu.

Mzee M'Arimi alikuja siku moja kabla hatujaondoka. Alitembea juu ya matuta mapya kutoka mwisho hadi mwisho, akayakanyaga kwa kisigino chake, kisha akaja nilipokaa.

"Akala sitachukua," akasema, bila kuzungukazunguka.

"Najua, Mzee."

"Hizo ni za kwenu. Lakini hii kazi nyingine, ukiwa Machakos unaweza kuifanya? Tuko na lori inakuja huko na viazi kila mwezi. Itabeba."

Nilirudi Kola na gunia la gambuti zilizotoboka mgongoni, nanuka udongo wa watu. Kanini alikuwa anapepeta pojo uani. Aliniangalia, akaliangalia gunia, akaniuliza swali nililokuwa naliogopa tangu lori lilipopita Embu.

"Oda ilipatikana?"

"Ile ya akala haikupatikana," nikasema, na nikaamua kwamba sitaficha. Nikamwambia yote, kipara, mafuta, ukingo, kamba, meza, Chifu, leso. Nilipofika kwenye leso aliweka ungo chini akakaa mchangani, akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza, nikacheka naye. Kisha akafungua gunia, akamwaga gambuti zote uani, akaanza kutafuta za kushoto na za kulia na kuzipanga pea kwa pea, Mwikali akimsaidia.

"Nitaambia kaka yangu atafute mtu mwingine wa hiyo kazi," akasema, bila kuniangalia, mikono yake ikiendelea.

Sikutajirika, mnaniona. Lakini lori la viazi limekuja mwezi baada ya mwezi, na mpaka leo kuna miguu ya watu wa mlimani inayotembea juu ya viraka vyangu. Mwikali amekua akiijua harufu ya gundi, na alipoanza shule, mwalimu alipomwuliza baba yake yuko wapi, alimvuta mpaka dirishani akamwonyesha njia ya sokoni kwa kidole. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeniambia, alipokuja kutengenezewa kiatu chake, na nilijifanya natafuta misumari chini ya meza mpaka macho yakakauka.

Nadhiri yangu ni moja. Sikati tena kiatu cha mtu kabla sijamwuliza anakwenda wapi, mvua ya huko inanyesha vipi na udongo wake uko namna gani, na akianza kunijibu, hata kama soko limejaa na watu wananisubiri niseme la kuchekesha, naweka kisu chini na kunyamaza mpaka amalize.